MAJI YA SHULENI: TATIZO LILILOBAKI NI ANKARA



Juzi humu kwenye kundi mwenzetu aliuliza kwa nini mtoto wa darasa la tatu abebe kidumu cha lita tatu kila asubuhi wakati bomba linapita hatua chache kutoka shuleni. Baadhi yetu tukamjibu kwamba hata sisi tulibeba na tukasoma. Jibu hilo mimi silikubali. Wengi tulibeba maji ya ziwani au ya kisimani kwa sababu bomba halikuwepo. Leo lipo.

Tuanze na yaliyofanyika, maana ni haki kuyasema. Musoma mjini kuna chanzo na mtambo wa Bukanga. Bunda wana Nyabehu. Upande wa Butiama kuna mradi wa Mugango–Kiabakari–Butiama, wa zaidi ya shilingi bilioni 70 kutoka Serikalini, BADEA na Mfuko wa Maendeleo wa Saudia, uliosanifiwa kuzalisha lita milioni 35 kwa siku. Anayesema hakuna kilichofanyika hasemi kweli.

Sasa tupige hesabu. Chukueni shule ya msingi ya wanafunzi 800. Kila mtoto apate lita 5 kwa siku, za kunywa, kunawa na chooni. Hizo ni lita 4,000. Shule 100 za ukubwa huo ni lita 400,000, yaani asilimia moja na kidogo ya uwezo wa mradi ule mmoja wa Mugango. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba maji hayatoshi. Ziwa liko pale pale.

Tatizo linaanza maji yanapofika kwenye mita. Lita 4,000 kwa siku 20 za masomo ni lita 80,000, sawa na uniti 80. Tuseme kwa mfano tu kwamba uniti ni shilingi 1,500: ankara ya mwezi inakuwa 120,000. Mwalimu mkuu analipa na nini? Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu na 6,000 ndizo zinazopelekwa shuleni, yaani 500 kwa mwezi kwa kila mtoto. Shule yetu ya watoto 800 inapata 400,000. Humo humo kuna chaki, karatasi, mitihani na kitasa kilichovunjika. Ukitoa 120,000 ya maji, karibu theluthi ya fedha imeondoka kabla mwalimu hajanunua kalamu.

Ndiyo maana mwalimu mkuu mwenye akili timamu anafunga koki. Anaifungua asubuhi kwa nusu saa, au anaacha deni likue mpaka huduma ikatwe, kisha anawaambia watoto waje na madumu. Msimlaumu haraka. Mpeni mhasibu yeyote bajeti ile, naye atafunga.

Lakini gharama haijaondoka, imehamia kwa mtoto. Anayechota ziwani anakutana na kichocho, ugonjwa tunaoujua vizuri sisi watu wa kandokando ya Nyanza. Kipindupindu nacho kiliripotiwa mkoani kwetu mwaka 2023. Na binti aliye kwenye hedhi, akijua chooni hakuna maji, anabaki nyumbani. Hizo siku hazimo kwenye ankara yoyote.

Mwaka 1971 Serikali ya Mwalimu ilipanga kwamba ndani ya miaka 20 kila mwananchi wa kijijini apate maji ndani ya mita 400. Mwaka 1991 ukapita. Sera ya Maji ya 2002 ikarudia mita zile zile 400, na kituo kimoja kwa watu 250. Kwa kipimo hicho shule ya watoto 800 ilistahili vituo zaidi ya vitatu. Ngapi zina hata kimoja kinachotoa maji saa nne asubuhi?

Msimamo wangu ni huu. Ankara ya maji ya shule iondolewe kwenye ruzuku na ilipwe na halmashauri kutoka mapato ya ndani, kama mstari wake kwenye bajeti, wenye jina na kiasi. Bila mstari ni ahadi tu. Wapo watakaosema wazazi wachange. Michango ya hiari sina ugomvi nayo, ila tunajua hiari hiyo huishia kwa mtoto kusimamishwa mstarini.

Paa nalo lisidharauliwe. Mvua ya milimita 10 juu ya paa la mita za mraba 140, kama madarasa mawili hivi, ni lita 1,400. Mvua nne za namna hiyo zinajaza tenki la lita 5,000. Haya ya kunywa lazima yatibiwe au yachemshwe, ila chooni yanatosha kabisa. Shule nyingi zina mabati na hazina mfereji hata mmoja.

Bajeti ya halmashauri hupitishwa kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1, na vipaumbele huanzia kwetu mitaani na vijijini. Tusisubiri Baraza la Madiwani ndipo tulalamike. Mkutano mkuu wa mtaa unatakiwa kuitishwa mara kwa mara. Tuingie na hoja moja, iandikwe kwenye muhtasari, diwani aikute.

Kabla ya kikao cha tawi, kila balozi afike shule iliyo jirani naye aulize mambo matatu: kuna koki ngapi zinazotoa maji, ankara ya mwezi uliopita ilikuwa kiasi gani, na deni ni kiasi gani. Picha za watoto msipige. Nitumieni namba hizo kwa ujumbe wa kawaida, nitaziweka kwenye jedwali moja tulisome pamoja kikaoni.

Katibu wa Tawi