Simu Bila Bando Si Kitochi

Watu wengi hapa Tabora, wauza simu wakiwemo, wanaamini kwamba bando likiisha simu janja inageuka kitochi. Ndiyo maana mtu akitoka mjini kwenda Ipole, Usinge au ndani ya misitu ya Ugalla, huizima simu yake kubwa na kuitumbukiza begini, au huiacha nyumbani na kubeba ile ndogo ya vitufe. Huko hakuna mtandao, atasema, itanisaidia nini? Nalipinga wazo hili kwa moyo wote, kwa sababu linawanyima watu wa magharibi ya nchi yetu kitu walichokinunua kwa jasho la msimu mzima wa tumbaku.

Lina ukweli wake, na ukweli huo tuukubali kwanza. Pasipo mtandao hutapata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mwanao aliyeko Dar es Salaam, wala hutajua bei ya asali mjini imefikia wapi. Hata pesa ya simu ni hivyo hivyo: *150*00# haihitaji bando, lakini inahitaji mnara. Kosa linaanzia pale mtu anapodhani kwamba kila kilichomo ndani ya simu kinatoka kwenye mnara.

Wapo wanaoapa kwamba GPS inakula bando. Haili. Setilaiti za GPS, ambazo ni za Wamarekani, ziko juu kiasi cha kilomita 20,200, na kazi yake usiku na mchana ni kutangaza saa na mahali zilipo kwa yeyote mwenye kipokezi. Simu haitumi kitu huko juu, inasikiliza tu. Ikizisikia nne au zaidi, inapiga hesabu ya muda ambao mawimbi yametumia kufika, na kwa hesabu hiyo inajua ilipo. Simu nyingi za siku hizi husikiliza pia setilaiti za Urusi, za Ulaya na za China. Mahali peupe kosa lake ni kama mita tano, chini ya miti minene huzidi. Kinachokula bando ni ile picha ya ramani inayopakuliwa wakati unatembea, na hiyo unaweza kuipakua kabla ya safari. Programu ya Organic Maps ni ya bure na haina matangazo. Ukishaiwekea ramani ya eneo lako, inafanya kazi bila kuomba chochote mtandaoni. Ila uwe na subira: simu iliyozimwa muda mrefu, tena pasipo mtandao, inaweza kuchukua dakika kadhaa kujua iko wapi. Simama penye uwazi uingoje.

Hesabu hiyo ya saa ndiyo iliyowasumbua wageni waliosafiri na misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi waliijua njia ya kutoka Bagamoyo hadi Ujiji kwa kuitembea, na hawakuhitaji chombo. Aliyetaka kuiweka njia kwenye karatasi ndiye aliyepata taabu, kwani kupata longitudo bila saa ya kuaminika ilikuwa kazi ngumu mno. Januari 1867, akiwa bado kusini, saa za David Livingstone zilianguka zikavurugika, na vipimo vyake vya baada ya hapo vikasogea mashariki kwa maili nyingi. Mwaka 1872 alikaa Kwihara, katika tembe ambalo leo ni makumbusho, akingoja wapagazi na mizigo kutoka pwani hadi mwezi Agosti. Kijana wa Kwihara leo ana mfukoni kipimo ambacho msafiri yule hakukipata maisha yake yote, halafu anaambiwa bila vocha hakifanyi kazi.

Ningependa hasa warina asali walisikie hili. Mizinga hutundikwa mbali na nyumba, mmoja huku, mwingine kule, katika miombo ambayo kwa macho ya mgeni ni ileile mwanzo hadi mwisho. Mzee anaikumbuka yote. Mzee akiugua, kijana anayetumwa anaweza kumaliza siku nzima akiutafuta mzinga mmoja. Kwa simu yenye ramani, anasimama chini ya mti, anangoja kile kidoti cha mahali alipo kitulie, anabonyeza kioo na kushikilia mpaka alama itokee, kisha anaandika: mtundu, kando ya mbuga, mzinga wa magome. Msimu ujao ndugu yeyote wa nyumba ile ataufikia mti huo. Alama zote zinakaa katika faili moja dogo linalotumwa kwa Bluetooth, simu kwa simu, hata mkiwa kambini katikati ya pori. Na kwa kuwa ramani hizi huchorwa na watu wa kujitolea kupitia OpenStreetMap, vitongoji vingi vya huku havijaandikwa. Jina la kitongoji chako unaweza kuliingiza mwenyewe, ukifika penye mtandao ukalituma, na wengine wote wakalipata.

Mfano wa pili uko shambani. Kuna programu iitwayo PlantVillage Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na taasisi ya utafiti ya IITA. Inazungumza Kiswahili, na ikishapakuliwa haihitaji mtandao: unauelekeza mdomo wa kamera kwenye jani la muhogo, nayo inakuambia kama inaona batobato, au michirizi ya kahawia, au jani zima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliipima dhidi ya watu. Wakulima walitambua ugonjwa kwa usahihi wa asilimia 18 hadi 31, maofisa ugani asilimia 40 hadi 58, Nuru asilimia 65. Ikionyeshwa majani sita ya mmea mmoja badala ya moja, inafika asilimia 74 hadi 88. Sisemi bwana shamba akae nyumbani. Nasema kwamba mkulima ambaye bwana shamba hamfikii ana msaada mkononi, na msaada huo hauulizi kama ana bando.

Mengine nayataja upesi. Simu nyingi za bei nafuu zina redio ya FM, na waya wa kusikilizia masikioni ndio antena yake. Programu ya Kiwix inahifadhi Wikipedia ya Kiswahili nzima ndani ya simu, mwanafunzi akaisoma kijijini bila senti. Kinasa sauti kinaweza kumrekodi bibi akisimulia habari za ukoo. Risiti ya mzani wa tumbaku ikipigwa picha palepale, hailowi wala haipotei.

Porini kinachoiua simu ni chaji, si bando. Na hapa dawa zinazosifiwa mitaani nyingi ni za uongo. Kufungafunga programu kila dakika hakuokoi chaji. Wakuu wa uhandisi wa Android na wa Apple walilisema hilo hadharani mwaka 2016, kwa sababu kuifungua programu upya hula nguvu zaidi kuliko kuiacha ilale. Kungoja betri ifike sifuri ndipo uchaji ni kanuni ya betri za zamani za nikeli. Hizi za lithiamu huchakaa haraka zaidi zikitendewa hivyo. Kinachomaliza chaji kwenye treni ya Tabora kwenda Kigoma, kati ya kituo na kituo, ni simu kuhangaika kutafuta minara iliyo mbali. Weka hali ya ndegeni. Kwenye simu nyingi GPS itaendelea kufanya kazi, kamera itafanya kazi, na betri iliyokuwa ikiisha kabla ya Uvinza itakufikisha salama.

Nitajibiwa kwamba nisubiri, minara inakuja. Ni kweli inakuja: Mei 2023 serikali ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, na ni jambo la kushukuru. Lakini mnara hujengwa penye watu. Mizinga iko pasipo watu, na hakuna mkataba utakaoufikisha mtandao chini ya kila mti wa miombo kati ya Sikonge na Mto Ugalla.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wauza simu wa Tabora mjini, na kwa kila kijana anayemnunulia mzazi simu. Msimkabidhi boksi na chaja mkaondoka. Kabla mzee hajapanda basi la Kaliua, mpakulieni ramani ya kwao, mwekeeni Nuru kama analima muhogo, mwonyesheni hali ya ndegeni ilipo, kisha mfanye aweke alama ya kwanza mwenyewe, kwa kidole chake.