Nishani kwa Mikono ya Kitaluni: Barua ya Wazi kwa Kamati ya Kitaifa ya Ushauri wa Nishani, Kenya



Kila Sikukuu ya Jamhuri inapowadia, Desemba 12, Wakenya husubiri kusikia ni nani waliotunukiwa. Hutajwa mawaziri na makatibu, maafisa wa usalama, wanariadha, wasomi, na mara mojamoja mkulima au mwalimu wa kijijini. Sheria ya Nishani za Kitaifa ya mwaka 2013 iliipa Kamati hii kazi ya kupima majina hayo na kumshauri Rais. Barua hii ina ombi moja: wakuzaji wa miche na watunza bustani watengewe nafasi yao katika orodha hiyo, na watafutwe huko waliko badala ya kusubiriwa wabishe hodi.

Ombi hili lina wakati wake. Desemba 2022 Serikali ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, ili eneo la nchi lenye miti lipande kutoka takribani asilimia 12 hadi asilimia 30. Ukigawa idadi hiyo kwa watu milioni 47.6 waliohesabiwa katika sensa ya 2019, kila mmoja, hata mtoto mchanga, anadaiwa miti zaidi ya 300. Novemba 13, 2023 ilitangazwa kuwa siku ya mapumziko ili nchi nzima ishike majembe, na lengo lililotajwa lilikuwa miche milioni 100.

Miche hiyo haikuota usiku wa kuamkia Novemba 13. Miezi mingi kabla ya siku hiyo kuna mtu aliyeokota mbegu chini ya mti mama, akazichambua, akachekecha udongo wa msitu na samadi, akajaza vifuko kimoja kimoja, akaatika, akang'oa magugu, akanyeshea asubuhi na jioni, kisha akaanza kupunguza kivuli na maji kidogo kidogo ili mche uzoee jua kabla ya kutoka. Mgeni rasmi hufika mwishoni kabisa mwa kazi hiyo. Hupewa mche, shimo likiwa limeshachimbwa, naye hupigwa picha.

Kamati ikitaka kuona ustadi unaozungumziwa hapa, iende Kitui ikamtazame mwenye kitalu akiandaa mbegu za mukau. Mukau ni mti wa nchi kavu, na mbao zake mafundi seremala huzilinganisha na mahogani. Mbuzi hula matunda yake na kuacha kokwa zizini, na huko ndiko nyingi huokotwa. Ganda la kokwa ni gumu mno. Hupasuliwa kwa kisu na nyundo, kwa kugonga taratibu, kwa kuwa pigo likizidi kidogo tu mbegu iliyo ndani inapondeka. Mbegu ikishatoka hukatwa ncha kidogo sana, hulowekwa usiku kucha, kisha gamba lake huchanjwa kwa wembe kwa urefu bila kugusa kiini. Ndipo hulazwa kwenye mchanga safi na kufunikwa, huku mkuzaji akichunga ukungu usiingie, kwani ukiingia kitanda kizima huoza. Watafiti wa KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu nchini, wakishirikiana na wenzao wa Japani, wametumia miaka mingi kuboresha mbegu za mti huu. Lakini mbegu bora bila mkono unaojua kuchanja haiwi mche.

Mti wa muiri nao una masharti yake. Magome yake husafirishwa ng'ambo kutengenezea dawa za tezi dume, na tangu 1995 biashara yake inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES kwa sababu miti iliyo msituni ilikuwa ikichunwa hadi kufa. Mbegu zake hazikai ghalani. Zikikauka zimekufa, kwa hiyo mwenye kitalu hana budi kujua majira ya mti huo kuzaa na kuzisia mbegu zingali mbichi. Hekima ya namna hii mara nyingi haina cheti, na aliye nayo akifariki dunia huondoka nayo.

Kenya iliwahi kuamini watu wasio na vyeti, na ikafaidika. Juni 5, 1977, Wangari Maathai na wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji jijini Nairobi. Vuguvugu la Green Belt lililotokana na siku hiyo liliendeshwa na wanawake wa vijijini, ambao wataalamu wa misitu walitilia shaka uwezo wao wa kukuza miche. Wanawake hao walitumia vyungu vilivyovunjika, wakaviweka juu mahali kuku na mbuzi hawafiki, wakachunguza wenyewe ni mbegu ipi inaota na ipi inagoma. Walilipwa kiasi kidogo kwa kila mche uliopona. Neno la kushika hapo ni “uliopona”: malipo hayakufuata idadi ya mashimo yaliyochimbwa. Leo vuguvugu hilo linahesabu zaidi ya miti milioni 51. Mwaka 2004 Profesa Maathai akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani, na kila Mkenya alijivunia. Wengi wa wanawake waliokuza miche ile wamezeeka, na baadhi hawapo tena.

Historia ya bustani za Nairobi ina pengo la aina hiyo hiyo. Kuanzia 1947 Peter Greensmith alikuwa msimamizi wa bustani za mji, na jakaranda na bogenvilia zinazoupamba huhusishwa sana na kazi yake. Anastahili kukumbukwa. Lakini bogenvilia huzalishwa kwa vipandikizi: tawi hukatwa, huchomekwa udongoni, huchungwa wiki baada ya wiki hadi litoe mizizi. Vibarua Waafrika waliokata matawi hayo na kubeba maji yake hawatajwi katika masimulizi ya jiji. Hao wamepita. Wanaofanya kazi hiyo sasa katika City Park na Arboretamu bado wako hai, na bado wanaweza kuitwa kwa majina.

Pwani kuna mfano unaoonyesha kutambuliwa kunavyoweza kuwa. Mwaka 1971 Mswisi René Haller alianza kupanda miti katika machimbo ya saruji ya Bamburi, kaskazini mwa Mombasa. Palikuwa jangwa la mawe ya matumbawe na maji ya chumvi. Alijaribu aina 26 za miti, na chache sana zikastahimili, mvinje ukiwa mbele ya zote. Kisha sindano za mvinje zikarundikana chini bila kuoza, na udongo usingeweza kujengeka. Jawabu lilikuwa jongoo wenye miguu myekundu. Walikusanywa na kuachiliwa chini ya miti, wakazila sindano hizo na kuzigeuza mboji. Leo watoto wa shule huingia Haller Park wakaona viboko na twiga, wala hawawezi kuamini palikuwa machimbo. Mwaka 1987 Umoja wa Mataifa ulimtunuku Haller heshima ya Global 500. Hakika ilimfaa. Hata hivyo msitu ule ulipandwa na mikono mingi ya wenyeji wa Pwani, na taifa lao lina deni la kuwatafuta.

India imeshalipa deni kama hilo. Tulsi Gowda, mwanamke wa jamii ya Halakki katika jimbo la Karnataka, hakuwahi kusoma shule. Alifanya kazi ya kibarua katika kitalu cha idara ya misitu kwa zaidi ya miaka 30, akisifika kwa kumtambua mti mama na kujua saa ya kuchukua mbegu zake. Novemba 2021 alipanda jukwaani Delhi kupokea nishani ya Padma Shri, miguu mitupu, katika vazi la kwao. Alifariki Desemba 2024 akiwa anajulikana nchi nzima. Uingereza nayo ina medali ya Victoria ya chama cha kifalme cha kilimo cha bustani, iliyoanzishwa 1897 kwa ajili ya watu wa bustani peke yao.

Wapo watakaosema kwamba mwenye kitalu wa Barabara ya Ngong au Lang'ata ni mfanyabiashara, anauza mche na kutia pesa mfukoni, basi nishani ya nini? Mwanariadha pia hulipwa, daktari pia hulipwa, na wametunukiwa kwa haki. Tena biashara ya mche haina uhakika hata kidogo. Vitalu vingi vya Nairobi vimekaa kwenye hifadhi ya barabara, na barabara ikipanuliwa vinaondoka. Novemba 2020, wakati barabara kuu ya Expressway ikijengwa, mugumo mkubwa wa Waiyaki Way uliokolewa kwa amri ya Rais baada ya wananchi kupaza sauti. Ulikuwa uamuzi wa busara. Miongoni mwa waliotakiwa kuondoka kando ya barabara hiyo walikuwemo wenye vitalu, na hao hawakupata amri ya kuwaokoa. Kamati haina mamlaka ya kugawa ardhi, lakini jina likitangazwa Ikulu, askari wa kaunti atafikiri mara mbili kabla ya kulipindua toroli la miche ya mwenye jina hilo.

Hakuna haja ya kutunga nishani mpya. Pongezi ya Mkuu wa Nchi, ile ya HSC, yatosha kwa kuanzia, hata kwa watu kumi mwaka huu. La muhimu ni kipimo. Kamati isihesabu miche iliyouzwa wala iliyopandwa siku ya sherehe. Iulize mingapi iko hai baada ya kiangazi cha pili, ni miti gani ya kienyeji mkuzaji ameinusuru isipotee, na ni vijana wangapi wamejifunza kwake. Watunza bustani wa kaunti, wa shule na wa hospitali wapimwe kwa kivuli walichowaachia watu.

Fomu za mapendekezo ziwepo kwa Kiswahili na zipokelewe katika ofisi ya chifu, kwa sababu watu hawa hawana makatibu wa kuwajazia. Mhifadhi wa misitu wa kaunti aende shambani kuthibitisha. Ziara hizo zikifanyika Septemba, kabla ya mvua za vuli, mche uliokufa na ulio hai utajulikana kwa macho, nayo Kamati itabaki na miezi miwili ya kukagua majina kabla ya Desemba 12.