Mipangilio ya intaneti iandikwe kwenye boksi la modemu
Na Zuhura Mwinyimvua

Tangu Microsoft ilipomaliza msaada wa kawaida wa Windows 10, Oktoba 14, 2025, laptopu nyingi ambazo bado ni nzima zimebaki njia panda. Windows 11 inazikataa, ama kwa kukosa chipu ya usalama ya TPM 2.0, ama kwa kuwa prosesa zake ni za zamani mno. Walimu, wanafunzi wa vyuo na wenye vibanda vya kuchapa barua wanaweza kuzifufua kwa kuziwekea Ubuntu au Linux Mint, mifumo huria isiyouzwa. Mashine iliyokuwa ikijikokota inapata pumzi upya. Kisha linakuja swali la intaneti, na kwa asiye na waya wa faiba nyumbani, intaneti ni laini ya simu.

Muulize muuzaji wa modemu. Jibu nililolisikia mara nyingi ni kwamba modemu hiyo inakubali Windows tu. Kwa modemu nyingi za USB zinazouzwa madukani, jibu hilo si kweli, na linamrudisha nyumbani mikono mitupu mtu ambaye tayari alikuwa na kila kitu alichohitaji.

Chanzo cha dhana hiyo kinaeleweka. Modemu nyingi za USB, zile zinazofanana na flashi, zikichomekwa mara ya kwanza hujitambulisha kwa kompyuta kama CD. Ndani yake mna programu ya Windows, na programu hiyo ikishawekwa ndiyo inayoiamuru modemu iache kujifanya CD na ianze kazi yake. Anayetumia Linux anaweza kuona CD tu, akadhani kifaa kimemkataa. Lakini Linux ina programu ndogo iitwayo usb_modeswitch, ya Josua Dietze, inayotoa amri hiyohiyo. Ikishafanya hivyo, ModemManager huzungumza na modemu, nayo NetworkManager hufungua njia ya kwenda mtandaoni. Kwa kawaida Ubuntu huja nazo zote. Zipo pia modemu ambazo Huawei huziita HiLink. Hizo ni ruta ndogo kabisa: laptopu huziona kama kadi ya mtandao wa waya, na mipangilio yake hufunguliwa kwenye kivinjari kwa anwani 192.168.8.1.

Na kama una simu ya Android na waya wake wa kuchaji, huenda huhitaji modemu hata kidogo. Chomeka, nenda kwenye mipangilio ya simu, ruhusu kugawa intaneti kwa USB. Linux huitambua bila kuwekewa chochote. Ningependa kila mwalimu wa kompyuta awaonyeshe wanafunzi wake hilo siku ya kwanza.

Penye shida ya kweli ni kwenye APN, jina la lango ambalo kompyuta hulitaja ili mtandao wa simu uipokee. Jina likikosewa, taa ya modemu inawaka, salio lipo, na ukurasa haufunguki. Wateja wa Safaricom wanaolijua hujaza safaricom, jina la mtumiaji saf, nywila data. Ni maneno matatu tu! Mtu asiyeyajua hukaa jioni nzima akiilaumu Linux, kumbe Linux imeshamaliza sehemu yake.

NetworkManager hujaribu kutusaidia kwa orodha inayotunzwa chini ya mradi wa GNOME, ambamo unachagua nchi, kampuni na aina ya huduma. Kenya na Tanzania zimo. Orodha hiyo ni mali ya umma, na yeyote anaweza kupendekeza sahihisho. Lakini kampuni ikibadilisha jina la lango lake bila kumwambia mtu, orodha inapitwa, na anayeumia ni mteja aliyekwisha kulipa. Si haki kuwaachia wanaojitolea wakisie taarifa ambazo kampuni inazo ofisini.

Ukishaunganishwa, linda bando lako. Masasisho ya mfumo yanaweza kulimaliza kabla hujasoma barua pepe moja. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo na uutambulishe kuwa unalipiwa kwa kipimo, ili upakuaji wa nyuma ya pazia usubiri.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, na nalipeleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) na kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambazo huidhinisha vifaa vya mawasiliano kabla ya kuuzwa. Idhini ya modemu iwe na sharti: boksi liandikwe APN, jina la mtumiaji na nywila kama zipo, lieleze kama kifaa ni cha aina ya ruta au la, na kama kimefungwa kwa laini ya kampuni moja. Yote hayo yanaenea kwenye karatasi ndogo kuliko vocha ya kukwangua. Taarifa hizohizo ziwekwe kwenye tovuti ya kampuni, kwa Kiswahili, na zibadilishwe siku ileile lango linapobadilishwa.