Mombasa Nayo Ilidai

Kila ifikapo Saba Saba twasimuliwa Kamukunji ya 1990, nasi twaiheshimu. Lakini ni nani aisimuliaye Mombasa ya 1992? Kifungu cha 2A kilikwisha kufutwa Desemba 1991, na bado chama cha IPK kikanyimwa usajili. Sheikh Khalid Balala akatiwa ndani, vijana wakakabiliana na polisi mitaani. Walioyaona hayo wamekaa barazani Mji wa Kale, wakizeeka, wakizikwa mmoja mmoja. Waumini wa makanisa, msiseme hayo yalikuwa ya msikitini. Haki ya kuunda chama haina dini. Twadai kumbukumbu zao zinakiliwe sasa, wakiridhia kwa majina yao, na akina mama, ambao ni nadra kuulizwa, waanze.