Gitaa Lenu ni Plaiwudi

Kuna neno linanikera kila nikikaa na wapiga gitaa, iwe Voi, Mombasa au Nairobi: "mbao ya sauti". Msee anakuangalia machoni na kukuambia kwamba gitaa la maana ni la mepo ya Marekani, shingo ni ya mahogani na juu yake imebandikwa rozwudi, la sivyo litalia kama debe. Mwulize ni lini aliwahi kushika mepo ikiwa bado ubao. Atabadilisha mada.

Tuchukue basi gitaa wanaloliabudu kuliko yote, lile ambalo picha yake iko kwenye simu ya kila mpiga rumba na bluzi: Gibson ES-335. Lilitoka mwaka 1958 katika kiwanda cha Kalamazoo, jimbo la Michigan, enzi ambapo Ted McCarty ndiye aliyekuwa akiongoza kampuni. Ni gitaa la umeme la tumbo nusu. Yaani mabawa yake mawili ni matupu, yana matundu ya herufi f kama fidla, lakini katikati kuna kigogo kizima kinachobeba nyuzi na pikapu.

Sasa hilo tumbo, uso na mgongo, ni la mbao gani? Ni plaiwudi. Tabaka za mepo zimebanwa na popla katikati kwa gundi, zikatiwa kwenye kalibu zikapinda. Hata si siri, kiwanda chenyewe hakijawahi kuificha. Kampuni hiyo ilikuwa inafanya hivyo tangu ES-175 ya mwaka 1949, na sababu zake ni za fundi yeyote mwenye akili. Uso uliochongwa kutoka kwa ubao mzima ni ghali, hupasuka, na ukiuweka mbele ya amplifaya unatetemeka mpaka spika inajisikia yenyewe na kutoa ule mlio wa kutoboa masikio. Plaiwudi ni rahisi, haipasuki ovyo, na haina haraka ya kutetemeka.

Ukirudi nyuma zaidi aibu inaongezeka. Karibu mwaka 1940, Les Paul alichukua nguzo ya paini ya inchi nne kwa nne, ile ambayo fundi wa paa hapa angeiita foo-bai-foo, akaifunga shingo, nyuzi na pikapu. Ilitoa sauti. Kwa maelezo yake mwenyewe, watu hawakuielewa mpaka alipopasua gitaa la kawaida katikati na kubandika nusu zake mbili pembeni ya ile nguzo. Mabawa yalikuwa ya macho. Muziki ulikuwa kwenye nguzo, na nguzo ilikuwa paini.

Paini! Panda matatu kutoka Voi, pitia Mwatate, upande Wundanyi, uone ni nini kimepandwa kwenye vilima. Paini, saipresi, mkaratusi. Miti ambayo tunapasua kwa ajili ya mapaa, vitanda na majeneza.

Najua jibu linalokuja: "Bro, wewe huna masikio." Sawa, tuwaachie wenye masikio. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha jaribio moja tamu. Walitengenezewa magitaa sita ya akustiki yanayofanana kwa kila kitu isipokuwa mbao za mgongo na mbavu, kuanzia rozwudi ya Brazil ya bei ya kutisha mpaka mbao za kawaida. Wapiga gitaa 52 wakavalishwa miwani ya fundi wa kulehemu wasione kitu, wakapiga. Hawakuweza kutofautisha kwa uhakika, na mbao ya bei ghali haikupendwa zaidi. Hayo ni magitaa ya akustiki, ambayo mbao ndiyo sauti yenyewe. Kwenye gitaa la umeme kinachosikika kwanza ni waya wa chuma unaotikisika juu ya sumaku. B.B. King alipiga Kinshasa mwaka 1974, na Gibson walipomtengenezea modeli yake mwenyewe mwaka 1980 waliziba yale matundu ya f kabisa kwa sababu ya ule mlio. Yaani sehemu inayosifiwa kwa "kupumua" ndiyo mfalme wa bluzi aliyoomba izibwe.

Sisemi mbao haijalishi kabisa. Inajalisha kwenye shingo, na hapa ndipo ningependa mafundi wetu wanisikilize kuliko wapiga gitaa. Shingo inavutwa na nyuzi sita usiku na mchana. Ikiwa mbichi, itapinda. Mti uliokatwa kwenye ukungu wa Wundanyi ukiteremshwa Voi, kwenye joto la nyika, utaendelea kukauka miezi na miezi, na ukikauka unajikunja unavyotaka. Fundi wa kitanda anaweza kulipuuza hilo, kwa sababu kitanda kikipinda milimita mbili nani atajua? Gitaa likipinda milimita mbili halipigiki. Kwa hiyo ubao ukae kivulini, mwaka ikibidi, kisha upasuliwe vipande vitatu na kugundishwa nyuzi za mbao zikitazamana tofauti ili kila kipande kimzuie mwenzake. Ndani ipite fimbo ya chuma ya kurekebisha. Mkangazi unafaa, muuru wa Meru unafaa. Ubao wa vidole unataka kitu kigumu, na wachongaji wa Pwani wanajua magumu: mpingo ulipoadimika walihamia muhugu na mwarobaini. Ukitaka mpingo wenyewe, vijiji vya Kilwa, Tanzania, vilipata cheti cha FSC mwaka 2009. Mti huo huo ndio unaotengenezewa klarineti za Ulaya. Sisi tunaambiwa tuagize rozwudi.

Na hesabu ya freti, ile inayowatisha watu kama uchawi, ni kugawanya tu. Chukua urefu wa uzi uliobaki, gawanya kwa 17.817, weka alama, rudia. Uzi wa sentimita 62.9 unakupa freti ya kwanza kwenye sentimita 3.53. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokatika, na nimeipiga kwenye simu nikisubiri chai.

Kisichopatikana Voi ni chuma. Nyuzi, vibano vya kuzikazia, na ule waya wa freti ambao ni mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli. Hivyo agiza, vyote vinaingia kwenye bahasha. Pikapu ni sumaku na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara, na mjini tuna watu wanaosuka upya mota za pampu kila siku ya Mungu. Wape waya mwembamba zaidi na subira zaidi. Tunachoagiza badala yake ni boksi zima, mbao na hewa iliyo ndani yake, halafu tunalipia usafiri wa hewa.

Mzee Fadhili William Mdawida alizaliwa Taita, mwaka 1938. Ndiye wa kwanza kurekodi "Malaika", karibu mwaka 1960, akiwa na Jambo Boys. Nani hasa aliutunga ni ubishi ambao umewashinda wazee na mawakili, sitauingilia. Lakini wimbo uliimbwa na Miriam Makeba, ukaimbwa na Boney M., umezunguka dunia. Jina Mdawida lenyewe maana yake ni Mtaita. Watu wa vilima hivi walikuwa na la kusema kwa gitaa kabla wengi wetu hatujazaliwa, na zaidi ya miaka sitini baadaye hakuna kibanda kimoja ninachokijua Voi chenye kibao kinachosema hapa tunatengeneza magitaa. Kuna vibao vya majeneza, vitatu kwenye barabara moja.

Lawama yangu iko hapa. Kamati za makanisa zinafanya harambee kununua gitaa la kutoka nje, likipindwa na joto la Voi linawekwa nyuma ya madhabahu kama marehemu, kisha harambee nyingine. Vyuo vya ufundi vina randa, patasi, misumeno na klampu, na mtihani wa mwisho ni kiti. Kila mwaka kiti! Na wapiga gitaa wenzangu, nyinyi ndio mnawatisha mafundi kwa hekaya za mepo.

Hoja moja tu ya wapinzani naiheshimu: gitaa la Kichina la bei ya chini litakuwa rahisi kuliko la kwanza la fundi wa Voi. Kweli. La kwanza litakuwa ghali na huenda likawa baya. La kumi je? Kinshasa kuna Misoko Nzalayala, wanamwita Socklo, ametengeneza magitaa ya umeme kwa miongo mingi katika mji ambao ulikuwa na kila sababu ya kumwambia haiwezekani. Na gitaa la Socklo likiharibika, Socklo yupo.

Wala tusisingiziwe misitu. Ngangao na vipande vingine vya msitu wa asili viachwe vilivyo, kuna ndege pale ambao hawako popote pengine duniani. Kigogo cha gitaa ni kipande cha urefu wa mkono wako. Kitanda kimoja cha futi tano kwa sita kinakula mbao za magitaa kadhaa.

Mwezi uliopita nilimpelekea fundi mmoja mchoro: foo-bai-foo ya paini iliyokauka, mabawa ya plaiwudi ya milimita nne, uso bapa ili asihangaike na kalibu. Aliugeuza kichwa chini, akauliza kama huyu samaki anakaa majini. Kisha akapima, akapiga hesabu kwenye kipande cha mbao, akanitajia bei ya kabati la milango miwili. Nimelipa nusu. Amesema shingo anataka kuijaribu kwa mwarobaini kwanza, na kwamba nisimletee watu wa kumwambia habari za mepo.