Nyota moja yaitikisa gesti Mpanda: Mmiliki ajibu vipi?

Mgeni anashuka kwenye treni ya Tabora, analala gesti usiku mmoja, bafuni maji hakuna. Kesho yake, akiwa njiani kwenda Sitalike yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, anatoa simu na kuipa gesti ile nyota moja kwenye Google.

Ingekuwa hoteli kubwa ya Dar, jambo lingepita. Mpanda hesabu ni nyingine. Gesti yenye maoni manne tu, yote ya nyota tano, ikipata la tano la nyota moja inashuka hadi 4.2. Hoteli yenye maoni 200 ya nyota tano ingebaki 4.98 kwa kosa lilelile.

Ni kweli kwamba mfanyabiashara wa mpunga haangalii nyota; anapelekwa na bodaboda au namba aliyopewa na mwenzake. Lakini mtalii anayewafuata viboko wa mto Katuma wakati wa kiangazi hana wa kumuuliza, anafungua ramani.

Kikwazo cha kwanza ni kwamba Google inaruhusu mtu yeyote kuongeza sehemu kwenye ramani. Gesti inaweza kuwa na ukurasa ambao mwenyewe hata haujui. Ili ajibu, lazima athibitishe kuwa biashara ni yake, na hilo ni bure. Booking.com iko tofauti: anayetoa maoni ni yule aliyeweka nafasi kupitia humo.

Halafu zinakuja njia za mkato. Kuwaomba ndugu wajaze nyota tano, au kumpa mgeni soda ili asifie, vyote Google imevikataza. Wengine hukimbilia kutishia polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu uongo unaosambazwa kwa makusudi, lakini mgeni aliyesema maji hayakutoka, na kweli hayakutoka, kadanganya nini?

Hatari zaidi ni kitabu cha wageni. Kila gesti inacho: jina, simu, anakotoka, anakokwenda. Mmiliki akipandwa na hasira anaweza kujibu, "Wewe si ndiye uliyekuja na yule dada chumba namba sita?" Hapo maji yamesahaulika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamhusu yeyote anayekusanya taarifa za watu, mwenye vyumba vinane akiwemo. Na mgeni anayefuata akisoma jibu hilo, atalala pale kweli?

Jibu linalosaidia ni fupi: "Pole sana. Usiku ule maji ya bomba yalikatika. Wiki hii tumefunga tangi la lita 2,000." Likitajwa tatizo na kilichofanyika, inatosha. Bila shaka tangi liwe limefungwa kweli, maana mgeni ajaye ataenda kufungua bomba.

Yakiwa maoni ya matusi au ya mtu ambaye hakuwahi kufika, mmiliki anaweza kuyaripoti. Ila Google haifuti maoni kwa sababu tu mwenye gesti hajayapenda. Mwandishi wake ndiye anayeweza kurudi na kubadili nyota alizotoa, hata miezi baadaye.