Kipimo cha Pili Pekee Hakithibitishi Maambukizi Mapya

Mtu aliyepona korona akipimwa tena miezi michache baadaye na kukutwa na virusi, wengi hukata shauri papo hapo kwamba ameambukizwa upya. Huenda ni kweli, ila kipimo hicho hakithibitishi. Aprili 2020 Korea Kusini ilishtushwa na wagonjwa zaidi ya 200 waliokutwa tena na virusi baada ya kupona. Uchunguzi ukabaini kuwa kipimo kilikuwa kinanasa mabaki ya virusi vilivyokwisha kufa. Ushahidi thabiti wa maambukizi mapya ulipatikana Agosti mwaka huo huko Hong Kong. Mwanamume wa miaka 33, aliyeugua Machi, alikutwa tena na virusi uwanja wa ndege akirejea kutoka Ulaya, bila dalili yoyote. Watafiti walilinganisha jenomu mbili za virusi vyake, kila moja ikiwa na takriban herufi 30,000 za kinasaba, wakaona tofauti 24. Kirusi hicho wakati huo kilibadilika wastani wa herufi mbili hivi kwa mwezi, kwa hiyo miezi mitano isingetosha kuzaa tofauti zote hizo. Zaidi ya hapo, kile cha pili kilishabihiana na virusi vilivyokuwa vikienea Ulaya kiangazi hicho.

Hata hivyo, kuhesabu tofauti hakutoshi. Mwanamke mmoja wa Afrika Kusini aliyekuwa na VVU, kinga yake ikiwa imeshuka sana, alikaa na korona siku 216, na kirusi kikapata mabadiliko zaidi ya 30. Nasaba ya jenomu zake ilionyesha kuwa ni kirusi kilekile ambacho hakikumtoka. Huyu hakuhitaji kuambiwa aongeze tahadhari asiambukizwe tena. Alihitaji kinga yake ishughulikiwe. Ndiyo maana siafiki hoja kwamba kutofautisha maambukizi mapya na ya zamani ni jambo la wanasayansi tu, halimhusu mgonjwa.

Hoja nzito zaidi dhidi ya kusoma jenomu ni ya gharama. Afrika Kusini yenyewe ilitambua ongezeko la maambukizi ya kurudia wakati wa Omicron, mwishoni mwa 2021, kwa kuhesabu waliokutwa na virusi tena baada ya siku 90. Njia hiyo ni rahisi na ina thamani kubwa. Lakini hesabu ilionyesha tu kwamba kinga ya awali inapenywa. Kirusi kilichoipenya kilitambuliwa kwa jenomu. Wala hakuna anayedai jenomu ya kila sampuli isomwe. Kenya ina uwezo wa kusoma jenomu huko Kilifi, katika maabara za KEMRI-Wellcome Trust, ambako watafiti walichunguza jenomu za NL63, korona ya mafua ya kawaida, kabla ya janga la korona.

Kinachokosekana mara nyingi ni sampuli ya kwanza: ikishatupwa, hakuna cha kulinganisha nacho. Wizara za afya za Afrika Mashariki zichague vituo vichache, hasa vinavyohudumia watu wenye kinga dhaifu, viwe na majokofu ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na sampuli zitunzwe humo angalau mwaka mmoja.